Tandiko la Katoyi Liko Chini ya Goti

Asubuhi mapema, kabla vumbi jeusi la barabara za mtaa wa Katoyi hapa Goma halijatimka, utamkuta kijana ameinamia chukudu yake, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, nyundo mkononi. Anapigilia upya kipande cha mpira, pengine soli ya kandambili iliyokatika, juu ya ubao. Kutwa nzima goti lake moja litakaa hapo huku mguu wa pili ukisukuma ardhi. Mpira ukihama, ubao unamchuna ngozi.

Wapanda farasi wanakijua kitu hicho kwa jina jingine: tandiko. Neno lenyewe linaeleza kazi. Hutandikwa, kama mkeka au shuka, ili mwili wa anayebeba usikutane moja kwa moja na uzito unaobebwa. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita watu wa Pazyryk, huko Siberia, walishona matandiko ya ngozi na kuyajaza ndani, na waliyazika makaburini pamoja na farasi wao. Kanuni tangu zamani ni moja: uzito ukae pande mbili za uti wa mgongo, juu ya nyama, usiguse mfupa.

Farasi mdogo, yule ambaye urefu wake mabegani hauzidi sentimita 148 hivi, humpa fundi wa matandiko taabu kuliko farasi mkubwa. Mgongo wake ni mpana, umeviringika kama pipa, na mabega hayakuinuka ya kutosha kulizuia tandiko. Basi farasi akiteremka kilima, tandiko huteleza mbele hadi shingoni, au hupinda upande mmoja na mtoto aliye juu yake. Ndiyo maana wengine hufungwa mkanda unaopita chini ya mkia. Mtunzaji mzuri, akilivua tandiko baada ya safari, kwanza husoma jasho. Mgongo ukiwa umelowa na katikati kukabaki doa kavu, hapo pamebanwa mno, na kidonda kiko njiani. Nywele nyeupe zikiota mahali pamoja juu ya mgongo wa farasi mweusi, hiyo ni kumbukumbu ya tandiko baya la zamani. Ngozi ya tandiko nayo hufutwa jasho kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, hukaushwa kivulini, kisha hupakwa mafuta. Ikianikwa juani au karibu na moto, itapasuka.

Elimu hiyo haikutufikia huku Kivu, mashariki mwa Kongo, kwa sababu farasi hawakutufikia. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na baridi yake haimfai mbung'o, yule inzi anayeua farasi kwa ugonjwa, lakini njia ndefu za kutoka pwani zilipita katika makao yake. David Livingstone alitaka kupima jambo hilo. Mwaka 1866 alishuka Mikindani, kusini mwa Tanzania ya leo, akiwa na ngamia sita, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, aone ni mnyama gani angestahimili mbung'o. Wanyama walikufa, lakini jaribio lake liliharibika: askari aliokuja nao kutoka India waliwatwisha kupita kiasi na kuwapiga, hata vidonda vikawa vingi kiasi kwamba Livingstone mwenyewe hakuweza kusema kwa uhakika kilichowaua. Kwangu mimi hilo ni fundisho kubwa kuliko habari ya mbung'o.

Miaka mitano baadaye, Henry Morton Stanley alijiandaa Unguja kumtafuta Livingstone. Alinunua punda 27 na farasi wawili. Kwa ajili ya punda alishonesha matandiko ya turubai, kamba na pamba, kwa mfano wa yale yaliyotumiwa na jeshi la Uingereza kule Abisinia. Farasi wote wawili walikufa hata kabla safari haijashika kasi. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akajaribu kwa ndovu wanne wa kutoka India, walioteremshwa Msasani. Nao wakafa.

Mnyama aliposhindwa, aliyetandikwa ni binadamu. Mpagazi alijiwekea ngata kichwani, ule mviringo wa majani au kitambaa, akabeba kilo 30 hivi kwa miezi. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yalivuka kutoka Kivu kwenda kupigana na Wajerumani hadi Tabora, na katika vita vile vya Afrika Mashariki walitumika wapagazi wa Kongo wapatao 260,000. Hata leo mama zetu wa Kivu wanabeba kwa mkanda unaopita juu ya paji la uso, mzigo ukining'inia mgongoni. Mtazame mama aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Utaona alama ya mkanda.

Chukudu ilianza kuonekana Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, uchumi ulipokuwa mgumu. Mafundi huichonga kwa mbao ngumu, magurudumu yakiwa ya mbao pia, yamevishwa mpira wa matairi ya gari. Kubwa hubeba hata kilo 800. Viazi, makabichi, maji na makaa, ambayo sisi Goma huyaita makala, vinateremka mjini juu yake. Mwaka 2009 sanamu ya rangi ya dhahabu ya chukudu na msukumaji wake ilizinduliwa katika mzunguko wa barabara mjini Goma, na wakazi wanaijua kuliko nyingine yoyote.

Wasukumaji huitunza chukudu kwa uangalifu. Ekseli hutiwa mafuta, misumari ya mpira wa gurudumu hukaguliwa, mbao iliyopasuka hubadilishwa, kwa kuwa mawe ya volkano hayana huruma. Kwa matunzo hayo itadumu miaka miwili au mitatu. Ila kile kipande cha goti ndicho cha mwisho kukumbukwa. Kinasagika, kinakuwa chembamba kama karatasi, misumari inachomoza, na kijana anaendelea kusukuma kwa sababu mteja anangoja. Chukudu huzeeka na kuchongwa nyingine. Goti halichongwi.

Ewe mteja wa Katoyi, ukishapatana bei na papa au kijana wa chukudu, tupia jicho pale penye mpira kabla hujapakia gunia la kwanza. Ukiona umeisha, mngoje dakika tano aupigilie mwingine, na kama una kandambili kuukuu nyumbani, mpe.