Kutibu si Kuponya: Historia ya Majina ya Dawa za Kisukari

Historia ya tiba miongoni mwa Waswahili haitenganiki na historia ya maneno. Jina kisukari limeundwa kutokana na sukari, neno lenye asili ya Kiarabu, likatanguliwa na kiambishi ki-, kinachoonekana pia katika kichocho, kifaduro na kipindupindu. Jina hilo hudokeza dalili tu. Halisemi iwapo ugonjwa unapona.

Majina ya dawa, kwa upande wake, hutoa ahadi. Mwarobaini, mti wenye asili ya Bara Hindi, uliitwa hivyo kwa kuaminiwa kuwa hutibu maradhi arobaini, na hadi leo baadhi ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili hunywa maji ya majani yake.

Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa hadhi kuwa taasisi. Mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Katika lugha rasmi, tiba asili ikachukua nafasi ya uganga. Istilahi hiyo ilimpa mganga heshima, lakini swali la msingi lilibaki: je, dawa yake inatibu au inaponya?

Swali hilo lilidhihirika mwaka 2011, pale maelfu ya watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya mugariga kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Kisukari kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyodaiwa kupona. Neno kikombe likapata maana mpya, na wapo walioacha dawa za hospitali kwa kuiamini maana hiyo.

Si kwamba mimea haina nguvu. Dawa ya metformin, ambayo Jean Sterne wa Ufaransa alichapisha matokeo yake kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957, chimbuko lake ni utafiti wa kemikali za mmea wa Ulaya uitwao galega. Hata hivyo, metformin yenyewe haiponyi; hudhibiti sukari kwa kipimo kinachojulikana.

Kutibu, kitenzi chenye asili ya Kiarabu, ni tendo la tabibu. Kuponya kunatokana na kupona, nako kupona ni hali ya mgonjwa. Mazungumzo ya kila siku huvichanganya vitenzi hivi viwili. Mwenye kisukari ndiye anayelipa gharama ya mchanganyiko huo.