Kubadilisha namba ya mtumiaji kwenye seva

Kubadilisha namba ya mtumiaji ni kumpa mwenye akaunti utambulisho mpya ndani ya seva, huku jina lake, nywila yake na faili zake zikibaki kama zilivyo. Katika mifumo ya ukoo wa Unix, Linux ikiwemo, namba hiyo huitwa UID. Jina la akaunti ni kwa ajili ya watu kusoma. Kwenye faili seva huandika namba tu, na namba ndiyo inayoamua mali ni ya nani. UID 0 ni ya root, msimamizi mkuu. Akaunti za watu wa kawaida kwenye Debian na Ubuntu huanzia 1000.

Haja ya kubadilisha huja hasa seva mbili zinapokutana. Kwa mfano, Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na Mbulu, ambako ndiko iliko kata ya Tumati, leo ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Ofisi zikigawanyika au kuunganishwa namna hiyo, orodha mbili za akaunti ambazo kila moja ilianzia 1000 lazima zigongane: 1004 ya huku ni mhasibu, 1004 ya kule ni mganga. Seva zikishirikiana faili kwa mtandao kupitia NFS ya kawaida, inayoamini namba bila kuuliza jina, mhasibu atafungua faili za wagonjwa na seva haitaona kosa. Sababu nyingine ni uzee wa mfumo. Red Hat Enterprise Linux ilianzia 500 hadi toleo la 6. Toleo la 7, la mwaka 2014, likahamia 1000.

Amri inayotumika ni usermod yenye alama ya -u, na mtego wake unaeleweka vizuri kwa mfugaji. Kwa desturi ya zamani ya Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, mtu wa Tumati huweka baadhi ya ng'ombe wake kwa rafiki au shemeji wa mbali, pengine Hanang, ili ugonjwa au ukame usimalize wote kwa mara moja. Akibadili chapa, walio zizini kwake watapigwa mpya. Walio kwa rafiki watabaki na ya zamani. Usermod nayo hurekebisha folda ya nyumbani ya mtumiaji na sanduku lake la barua, basi. Faili zake zilizo kwenye tovuti, kwenye hifadhidata au kwenye diski ya pamoja hubaki na namba ambayo haina mwenyewe tena.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya amri. Fundi huchukua nakala rudufu na kuijaribu kama inarudi. Huhakikisha namba mpya haipo kwenye orodha ya akaunti wala kwenye faili yoyote iliyosahaulika. Kisha humtoa mtumiaji na kusimamisha huduma na kazi za ratiba zinazotumia jina lake, kwa sababu usermod hukataa iwapo mtumiaji ana programu inayoendelea. Fundi mwenyewe asiingie kwa akaunti anayoibadilisha. Aingie kama root, na ikiwezekana akae mbele ya mashine.

Baada ya usermod hufuata msako. Amri ya find hutafuta kila faili yenye namba ya zamani na kuikabidhi kwa chown, amri ya kubadili mwenye faili, ikiwa na alama ya -h ili viungo vibadilishwe vyenyewe badala ya faili vinazoelekezea. Kila diski isakwe peke yake. Chown hufuta alama ya setuid, inayofanya programu iendeshwe kwa mamlaka ya mwenye nayo, kwenye programu zilizokuwa nayo, hivyo ziorodheshwe mapema na kurudishiwa. Ruhusa za ziada za ACL hushika namba ya zamani bila kelele. Namba ya kundi ni shughuli nyingine kabisa: groupmod huibadilisha kwenye orodha, lakini faili haizigusi.

Akaunti zikiwa nyingi, mpangilio ndio roho ya kazi. Tuseme 501 inahamia 1001, na 1001 iliyopo inahamia 1002. Ukilazimisha kuanza na ya kwanza, faili za watu wawili zitabeba 1001, na hakuna amri itakayozitenganisha. Anza na anayeondoka kwenye namba inayohitajika. Wakibadilishana, mmoja apitie kwanza kwenye namba ya tatu isiyotumika.

Nakala rudufu za zamani nazo zina namba za zamani. Tar inayoendeshwa na root hurudisha faili kwa kufuata jina, isipokuwa ukiiambia --numeric-owner. Hapo hufuata namba na kuharibu yote uliyoyanyoosha.

Hatari inayodumu ni kugawa upya namba iliyoachwa. Useradd huchukua namba inayofuata ile kubwa kuliko zote. Akaunti ya mwisho ikihamishiwa namba ya chini, mwajiriwa mpya huweza kupewa namba ya zamani ya akaunti hiyo, na faili zozote zilizosahaulika huwa zake siku hiyohiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwenye seva ya zahanati au hospitali hilo si kosa la kiufundi tu. Seva moja isiyoshirikiana faili na nyingine, wala isiyohamia mfumo mpya, haina sababu ya kubadilishiwa namba, iachwe.