Kuvuliwa Cheo na Kutwezwa: Historia ya Neno Moja la Kiingereza

Mwalimu akiulizwa na wanafunzi maana ya neno la Kiingereza "degrade", aghalabu hujibu: kushusha cheo. Jibu hilo si kosa, ila ni nusu ya maana, na nusu iliyoachwa ndiyo inayokutwa zaidi katika sheria na magazeti. Twaona yafaa kueleza jinsi nusu hizo mbili zilivyokuja kukaa katika neno moja.

Asili yake ni Kilatini. "Gradus" ni kipandio cha ngazi, na "de" iliyotangulia yaonyesha kwenda chini. Kanisa la Magharibi lililitumia neno hili kwa tendo maalumu, yaani kumwondolea kasisi daraja lake. Kasisi aliyehukumiwa kufa hakuweza kukabidhiwa serikali hali angali na daraja takatifu. Sharti kwanza ateremshwe, kipandio baada ya kipandio, hata awe mtu kama watu wengine. Ndivyo alivyotendewa Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, mjini Oxford tarehe 14 Februari 1556. Alivikwa mavazi yote ya ibada, yaliyoshonwa kwa kitambaa duni ili kumdhihaki, kisha akavuliwa moja moja. Alinyolewa nywele, na ncha za vidole vyake, zilizokuwa zimepakwa mafuta matakatifu, zikaparuzwa. Tarehe 21 Machi akachomwa moto.

Hapa Kiswahili chaona sawasawa kuliko Kilatini. Neno lao lasema ngazi, lakini kilichofanyika ni kuvua nguo. Nasi husema mtu kavuliwa cheo, kama avuliwavyo joho.

Majeshi yaliurithi mtindo huo. Tarehe 5 Januari 1895, katika uwanja wa chuo cha kijeshi mjini Paris, Kapteni Alfred Dreyfus, aliyesingiziwa uhaini, aling'olewa vifungo na alama za cheo mbele ya askari waliopangwa safu, na upanga wake ukavunjwa. Kisha akazungushwa uwanjani huku akipaza sauti kwamba hana hatia. Mwaka 1906 hukumu ilifutwa, akapewa cheo cha meja, na tarehe 21 Julai akavishwa nishani katika chuo kile kile. Cheo kilichovuliwa chaweza kuvikwa tena.

Lakini katika karne ya 20 neno hili liliwaendea watu wasio na cheo chochote. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 5, lilikataza adhabu za namna hiyo kwa kila mtu. Mwaka 1972, katika Kisiwa cha Man, kijana wa miaka 15 aitwaye Tyrer alichapwa fito tatu kwa amri ya mahakama. Naye alivuliwa, lakini kilichovuliwa kilikuwa suruali. Tarehe 25 Aprili 1978 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba adhabu ile ilikuwa ya namna iliyokatazwa. Alishushwa kutoka wapi, kijana asiye na daraja? Ngazi haiwezi kujibu. Kilichoguswa ni utu wake.

Haki za binadamu zilipoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, ibara ya 13 haikutaja kushusha cheo. Ilichukua vitenzi viwili, kutweza na kudhalilisha, nasi twaona kwamba uteuzi huo ulikuwa wa busara. Kumtweza mtu ni kumfanya kama kitu kisicho thamani. Kumdhalilisha ni kumfanya ajione dhalili, asiye na wa kumtetea. Maneno hayo hayakubaki karatasini. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba adhabu ya kifo humtweza mtu, kwa hiyo yapingana na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ndivyo adhabu ile ilivyo, lakini ikaona kwamba Katiba yenyewe yairuhusu ibaki.

Basi darasani, afisa aliyeondolewa nyota begani kavuliwa au kashushwa cheo, wala si lazima awe katwezwa. Mfungwa aliyelazimishwa kutambaa mbele ya wenzake katwezwa, hata kama hakuwa na cheo. Anayeidharau kazi ya mwenzake huidunisha. Na udongo uliopoteza rutuba, ambao Waingereza huutumilia neno lile lile, wakulima wetu husema umechoka.