"Apdeti imeua kompyuta yangu": historia ya lawama moja ya mtaani

Nimepotea kidogo, nisameheni, kazi zimenibana. Leo sina kodi ya kuwaonyesha. Nina hadithi, na ndani yake kuna historia ambayo wengi wetu tuliipitia bila kujua ni historia.

Wiki chache zilizopita, jioni, mama mmoja jirani yetu hapa Riruta alinibishia mlango akiwa ameifunga laptopu yake kwa leso kama mtoto mchanga.

"Kijana wangu, hii kitu imekufa," akaniambia. "Jana usiku iliandika inajisasisha, nikaiacha nikalala. Asubuhi inawaka, inazima, inawaka, inazima. Nimeenda kwa fundi pale steji, anasema ni apdeti imeiua. Nilipe elfu moja mia tano aifomati."

"Na vitabu vya chama viko wapi, mama?"

"Si vimo humo humo!"

Huyu mama ni mweka hazina wa chama cha akina mama 22. Michango, mikopo, nani amelipa na nani bado, yote imo humo. Fundi angeifomati, laptopu ingewaka vizuri kabisa, na chama kingeanza kugombana wiki hiyo hiyo.

Nitarudi kwake. Kwanza nataka tuitazame ile sentensi ya fundi: apdeti imeiua. Nimeisikia tangu utotoni. Ilitoka wapi?

Mimi nilikutana na kompyuta kwenye saiba moja ndogo kando ya Naivasha Road. Shilingi moja kwa dakika. Fundi wa pale alikuwa na kopo la biskuti lililojaa CD, na juu ya kila mashini alikuwa amebandika karatasi ya kuonya mteja asikubali apdeti yoyote. Ukiuliza kwa nini, jibu lilikuwa fupi: "Itakufa." Kwetu watoto, apdeti ilikuwa kama nyaya za stima, kitu cha kutoguswa.

Nikiwa chuoni nikisoma sayansi ya kompyuta, nilimcheka sana yule fundi kimoyomoyo. Siku hizi simcheki. Hebu tuhesabu pamoja.

Windows XP ilitoka Oktoba 2001. Mnamo Agosti 2003 kilizuka kirusi kiitwacho Blaster, kilichotembea chenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu kubonyeza chochote. Dalili yake wenye umri mnaikumbuka: kidirisha kinachohesabu sekunde 60, kisha kompyuta inazima. Dawa yake Microsoft walikuwa wameitoa tarehe 16 Julai, karibu wiki nne kabla. Aliyekuwa na apdeti alilala salama. Asiyekuwa nayo alihesabu sekunde.

Basi mwaka 2004 wakatoa furushi kubwa la marekebisho, SP2, lililowasha ukuta wa kinga moja kwa moja. Jambo zuri. Lakini toleo kamili la furushi hilo lilikuwa na ukubwa wa takriban MB 266. Kwa laini ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hata isipokatika, hiyo ni zaidi ya saa 10 mfululizo! Kwa bei ya shilingi moja kwa dakika, ni zaidi ya shilingi 600 kwa kompyuta moja tu. Na Kenya wakati huo haikuwa na waya wa baharini. Intaneti yetu ya kwenda nje ilipitia setilaiti mpaka mwaka 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa. Mwenye saiba akiruhusu mashini zake zote zijisasishe, wateja wake wataangalia ukurasa mweupe mpaka wachoke waondoke.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo tulikuwa hatuitaji kwa sauti. Ile CD ya kwenye kopo la biskuti haikuwa halali. Kuna ufunguo mmoja wa XP uliovuja mwaka 2001 ukazunguka dunia nzima. SP1 ya mwaka 2002 iliukataa. Mwaka 2005 ukaja ukaguzi wa kama nakala yako ni halali, na kufikia 2008 nakala iliyoshindwa ukaguzi ilikuwa inapakwa mandhari meusi. Kwa hiyo kwa mwenye saiba, apdeti ilikuwa kama askari wa kanjo: hata kama amekuja kwa nia njema, kwanza ataomba leseni.

Ongeza stima inayopotea katikati ya kazi. Kompyuta ikizimika wakati mfumo endeshi unaandika upya faili zake yenyewe, kuna uwezekano mkubwa wa kuamka mgonjwa. Hapo fundi ameshuhudia kwa macho yake: apdeti ilianza, kompyuta ikafa. Nani atambishia?

Kwa hiyo karatasi ya fundi wangu haikuwa ujinga. Alikuwa amepiga hesabu ya biashara yake, na hesabu ilikubali.

Tatizo ni kwamba ile hesabu ilikuwa na upande wa pili. Tarehe 23 Oktoba 2008 Microsoft walitoa kiraka cha dharura. Novemba kikazuka kirusi cha Conficker kikitumia tundu lile lile, na kabla ya mwaka mpya kikajifunza pia kusafiri kwa flashi. Jamani, flashi! Saiba ilikuwa inaishi kwa flashi. Wasifu wa kutafuta kazi, nyimbo, picha za harusi, kazi ya chuo, zote zilitoka kwenye flashi moja zikaingia mashini kumi. Mashini iliyokatazwa apdeti ilikuwa mlango ulioachwa wazi sokoni.

Sasa tufike Februari 2010. Hiki ndicho kisa ninachotaka mkikumbuke hata mkisahau mengine yote.

Tarehe 19 Januari mwaka huo, mtafiti wa usalama Tavis Ormandy alitangaza tundu ndani ya Windows lililokuwepo tangu Windows NT 3.1 ya mwaka 1993. Miaka 17 limekaa pale! Tarehe 9 Februari Microsoft wakatoa kiraka chake, MS10-015. Watu wakakiweka, wakawasha upya, na kompyuta nyingi za XP zikaamka na kioo cha bluu. Zinawaka, bluu, zinazima, zinawaka tena. Hata ukijaribu kuziwasha katika hali salama, bluu. Kelele zikawa kubwa, na tarehe 11 Februari wakaacha kukisambaza kwa njia ya kujiweka chenyewe. Kila mtu alikuwa na uhakika wa jibu: apdeti imeua kompyuta.

Wiki moja baadaye ukweli ukatoka. Kompyuta zilizokufa zilikuwa na kirusi tayari, kiitwacho Alureon. Kilikuwa kimejificha ndani ya draiva ya kuzungumza na diski, faili iitwayo atapi.sys, chini kabisa ambako programu nyingi za kusaka virusi zilikuwa hazifiki. Mwenye kompyuta alikuwa haoni dalili yoyote.

Kwa nini kiraka kilileta kioo cha bluu? Fikiria mwizi anayeishi darini kwako. Usiku anashuka gizani kwa kuhesabu hatua: saba kutoka mlangoni, kata kulia, jikoni. Wewe hujui kama yupo. Siku moja unahamisha kabati. Usiku mwizi anahesabu zile zile saba, anajigonga, kabati linaanguka, nyumba nzima inaamka. Alureon kilikuwa kimekariri anwani za kazi fulani ndani ya kiini cha Windows. Kiraka kilipobadilisha kiini, anwani zikasogea. Kirusi kikaita anwani ya zamani, kikakuta kitu kingine, na mfumo ukaanguka. Kwa kuwa draiva ya diski lazima ipakiwe kila unapowasha, hata hali salama haikusaidia. Dawa ilikuwa kuwasha kwa CD ya Windows na kurudisha atapi.sys safi, au kukiondoa kiraka.

Mnajua nani walitoa marekebisho haraka? Wenye kirusi! Ndani ya siku chache walitoa toleo jipya la Alureon ambalo halikuangusha kompyuta. Microsoft nao wakarudi mwanzoni mwa Machi na kiraka kinachokagua kwanza, kisha kinakataa kujiweka pale kinapoona dalili za ajabu.

Sasa fikiria fundi wa mtaani siku zile. Kompyuta inaletwa, bluu. Anachukua CD, anafomati, anaweka Windows upya, inawaka. Amelipwa. Kirusi kimekwenda pamoja na picha za mteja, na kila mmoja amerudi nyumbani akiwa na somo lisilo sahihi: usiguse apdeti. Apdeti ndiyo iliyomfichua mwizi, na ndiyo ikabeba lawama.

Somo hilo lilidumu. Msaada wa XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014, na kompyuta nyingi zikaendelea nayo kana kwamba hakuna kilichotokea. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga faili za watu katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Dawa ya matoleo yaliyokuwa bado yanahudumiwa ilikuwa imetoka tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Hadithi ya Blaster ile ile, miaka 14 baadaye.

Lakini nisiwe wakili wa apdeti, maana kuna siku ina hatia kweli. Ijumaa tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za hapa, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho la programu yake. Faili ilikuwa na sehemu 21, programu ikawa inatoa vitu 20 tu. Ilipotafuta cha 21 ikasoma kumbukumbu isiyokuwa yake, na Windows ikaanguka. Microsoft walikadiria kompyuta milioni 8.5. Ndege zilibaki chini, benki na hospitali zikakwama. Faili mbovu iliondolewa baada ya dakika 78, lakini kompyuta zilizoshindwa kuwaka haziwezi kupokea marekebisho. Ilibidi watu waende mashini kwa mashini, wawashe katika hali salama, wafute faili moja, wawashe tena. Mashirika yenye mabilioni yalihitaji kitu ambacho Riruta tumekuwa nacho siku zote: fundi mwenye mikono na subira.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Februari 2010 apdeti haikuwa na hatia, Julai 2024 ilikuwa nayo, na kwa mtu aliyesimama mbele ya kioo, mikasa yote miwili inafanana kabisa. Ni bluu tu. Huwezi kujua bila kuangalia, na kufomati ni kuchoma nyumba kabla polisi hawajachukua alama za vidole.

Turudi kwa mama. Niliiwasha laptopu yake kwa flashi yenye Linux, bila kugusa mfumo wake. Diski ilikuwa inalia kama mlango wenye kutu. Nikaitazama: sehemu nyingi hazisomeki. Diski ilikuwa inakufa kwa miezi, na mama hakujua kwa sababu huwa hazimi, anafunga kifuniko tu. Usiku ule wa sasisho ulikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mashini kuandika faili nyingi na kuwaka upya. Mgonjwa wa moyo alipandishwa ngazi. Tutalaumu ngazi?

Niliitoa diski, nikaiunganisha kwa waya na mashini yangu, nikaiachia ddrescue usiku kucha. Asubuhi vitabu vilikuwepo, isipokuwa faili ya mwezi mmoja iliyokataa kabisa. Akina mama waliketi Jumapili wakaisoma upya kutoka kwenye jumbe zao za M-Pesa, mstari kwa mstari. Ilichukua mchana mzima, na mahesabu yakalingana.

Nayaandika haya sasa kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa Windows 10 ulifikia kikomo. Mwaka huo mtumiaji wa kawaida aliyejisajili aliahidiwa viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Laptopu nyingi za mitumba zinazouzwa hapa Nairobi, zile tunazoziita za kutoka Uingereza, haziruhusiwi rasmi kwenda Windows 11 kwa sababu ya umri wa prosesa zake. Kwa hiyo mwenye duka atamwambia mteja lile neno la zamani: usijali apdeti, zima. Tumeshaona mwisho wa ushauri huo, 2003, 2008 na 2017.

Kwa mafundi wenzangu ombi langu ni moja. Mteja akisema apdeti imeiua, msikilize, usimcheke, lakini usimwamini bado. Nakili kwanza, tazama pili, fomati mwisho. Na wewe mwenye kompyuta, kabla hujalala leo, vitabu vya chama chako viko mahali pangapi? Kama jibu ni pamoja, tafuta flashi ya pili.

Laptopu ya mama ina diski mpya sasa. Na yule fundi wa steji nimempelekea flashi yenye Linux na ddrescue. Tulikaa saa nzima nikimwonyesha. Mwishoni akaniuliza kama anaweza kutoza shilingi 1,500 kwa kazi hiyo.

Nikamwambia atoze elfu mbili.