Sinia, siwa na upatu: shaba yetu yaishia mizanini

Neno ‘sinia’ tunalitumia kila siku bila kulitazama. Limetoka kwa Kiarabu, na kwa asili humaanisha kitu cha Kichina, maana Waarabu huiita China ‘Sin’. Kwa hivyo mama anayepanga mahamri kwenye sinia asubuhi huku Dandora anaitaja China, ajue asijue.

Wachina wenyewe walikuwa na vyombo vizito zaidi ya sinia. Katika enzi za Shang na Zhou, zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, mafundi walisubu shaba iliyochanganywa na bati wakatengeneza ding, chungu chenye miguu mitatu au minne cha kupikia nyama ya tambiko. Gui lilikuwa la nafaka; jue, kikombe cha miguu mitatu, la pombe. Waliotangulia kuandaliwa ni mababu, walio hai wakafuata. Kwa desturi ya Zhou, mfalme alistahili ding tisa, na kadiri cheo kilivyoshuka ndivyo idadi ilivyopungua. Moja lililofukuliwa Anyang mwaka 1939 lina uzani wa zaidi ya kilo 830. Hebu fikiria sufuria hiyo!

Je, sisi? Pwani yetu, shaba iliyobeba utawala haikupika chochote. Ilipulizwa. Siwa ya Lamu ni ya shaba, na mwenzake wa Pate, wa pembe za ndovu, unapita mita mbili kwa urefu. Zote mbili hupulizwa ubavuni. Siwa ilitolewa mtawala alipotawazwa, na katika harusi na tohara za koo za waungwana. Ati mtu yeyote aiazime? Thubutu! Tarihi ya Pate inamtaja Mwana Darini, aliyenyimwa siwa kwa sherehe ya mwanawe, naye akaagiza atengenezewe yake ya pembe. Ukitaka kujua nani ni nani katika mji, uliza nani anapulizwa siwa, kama Mchina alivyohesabu ding.

Vyombo vidogo navyo vina kazi zao: chetezo cha kufukizia udi, mrashi wa kunyunyizia marashi. Kinachonivutia zaidi ni upatu, sahani ya shaba inayogongwa ngomani. Wadigo huuita upatsu na ndio unaolia katika sengenya. Jirani zetu Watanzania nao ‘hucheza upatu’, yaani kuchangiana pesa kwa zamu, jambo ambalo akina mama wa Dandora huliita chama tu. Neno moja, sahani na pesa, na la pili ndilo linaloelekea kuishi muda mrefu zaidi.

Hapa lugha yetu ina pengo. Darasani shaba ni metali ile nyekundu ya waya wa umeme. Mwanariadha akimaliza wa tatu, tunasema ametwaa nishani ya shaba, nayo ni ile ya mchanganyiko wa bati. Mrashi, wenye zinki, nao ni wa shaba. Wanunuzi wa vyuma chakavu karibu na jaa la Dandora hawana utata huo: kopa ni kopa, brasi ni brasi, na kila moja ina bei yake. Kusema kweli, wametupiku sisi wa kamusi.

Kuyeyusha si jambo geni. Miaka ya themanini, Mark Horton na wenzake walifukua Shanga, kisiwani Pate, simba mdogo wa shaba wa karne ya 11 hivi. Waliochunguza metali yake walidokeza kuwa huenda alisubiwa kutokana na sarafu za Kichina zilizoyeyushwa. Lakini fundi yule aliyeyusha pesa akapata simba. Leo mrashi wa nyanya ukifika mizanini unageuka kilo.

Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, na marufuku hiyo ikaondolewa Mei. Hofu ilikuwa nyaya, na ilikuwa halali. Hata hivyo, tuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 na ile ya Makavazi na Turathi ya 2006, na sioni kwa nini zisisalimiane. Mnunuzi akilazimika kuandika jina la chombo kabla ya uzani, na kupigia makavazi simu akiona asichokijua, hatapoteza zaidi ya dakika tano.