Kufurika kwa Kumbukumbu na Matuta ya Mikumi

Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake Kilosa, ukaingia majumbani na kuzoa tuta la Reli ya Kati. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya C nayo hufurika: hupewa eneo lake la kumbukumbu, na ikiandika kupita mpaka, huharibu data ya jirani. Ila mto una kishindo. Kumbukumbu huharibika kimya, na dalili huchomoza mbali na chanzo, pengine baada ya siku kadhaa. Ndiyo sababu mafundi walijitengenezea vikaguzi: Electric Fence ya Bruce Perens mwaka 1987, kisha Purify, kisha Valgrind mwaka 2002. Perens aliuweka mwisho wa kila eneo kando ya ukurasa uliofungwa, ili programu inayovuka isimame palepale.

Vikaguzi hivyo huwashwa tu na anayevitaka. Kwa nini basi ukaguzi uwe wa hiari? Barabara kuu ya Morogoro–Iringa hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na matuta yake humpunguza mwendo kila dereva, kwa kuwa tembo hana ratiba. Matuta hayo ni haki yawepo daima. Valgrind, hata hivyo, huweza kuichelewesha programu mara 20 au zaidi, na programu, tofauti na barabara, inaweza kujaribiwa karakanani kabla ya kumfikia mtumiaji. Wapo wanaosema cha hiari husahaulika. Wana hoja, lakini mkasa wa mfumo endeshi wa Debian unanionyesha kwamba hatari kubwa ni kuuacha mlango wa hiari na kuchokonoa msimbo wa wote. OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche iliyomo ndani yake, ilikuwa na swichi ya ujenzi iitwayo PURIFY, iliyoondoa mstari mmoja tu usio na madhara uliokuwa ukivisumbua vikaguzi. Mwaka 2006 mtunzaji wa Debian, akitaka kwa nia njema Valgrind iache kulalamika, aliondoa mistari miwili kwa watumiaji wote. Mstari wa pili ndio uliokuwa ukiingiza ubahatishaji katika utengenezaji wa funguo za siri. Kilichobaki ni namba ya mchakato, yenye uwezekano usiozidi 32,768. Kosa lilitangazwa Mei 2008, na hata seva zisizotumia Debian zililazimika kubadilisha funguo, mradi funguo hizo zilitengenezwa kwenye mashine ya Debian.