Kasri la Dresden: Kutoka Hazina Hadi Makumbusho

Neno hazina latoka katika Kiarabu, na maana ya shina lake ni kuweka akiba, kuhifadhi. Neno makumbusho limezaliwa ndani ya Kiswahili chenyewe kutokana na kitenzi kumbusha. Na kitu kilichofichwa hakiwezi kumkumbusha mtu lolote. Hivyo maneno haya mawili, ijapokuwa aghalabu hutajwa pamoja, yana ugomvi baina yake. Ni nyumba chache zilizouonyesha ugomvi huo waziwazi kama kasri la watawala wa Saxony katika mji wa Dresden, Ujerumani.

Katikati ya karne ya 16, Moritz wa Saxony, mmoja wa wakuu waliokuwa na haki ya kumchagua Kaisari, alijengewa ndani ya kasri vyumba vyenye dari za kuba, kuta nene na madirisha ya nondo. Humo ziliwekwa johari na nyaraka zake za siri. Rangi ya kijani iliyopakwa humo ndiyo iliyovipa jina la Grünes Gewölbe, yaani Kuba ya Kijani. Baina ya 1723 na 1729 mtawala August, aliyeitwa Mwenye Nguvu, akaibadili shabaha ya vyumba hivyo. Alivipamba kwa vioo, akavipanga vitu kwa kufuata asili yake, pembe mahali pake na fedha mahali pake, hata kufikia chumba cha johari. Kisha wageni wakaruhusiwa kuingia na kutazama. Ndipo hazina ilipoanza kuwa makumbusho.

Vitu vyenyewe vyaeleza habari za ulimwengu kuliko habari za Saxony. Imo merikebu iliyochongwa na Jacob Zeller katika mwaka wa 1620, ambayo matanga yake ni pembe ya ndovu iliyofanywa nyembamba hata yafanana na kitambaa kilichojaa upepo. Jina la fundi limehifadhiwa. Jina la mwindaji na la mpagazi hayakuandikwa. Kwa watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, ambako pembe ziliuzwa ng'ambo kwa karne nyingi, kimya hicho si kigeni. Imo pia kazi ya Johann Melchior Dinglinger na ndugu zake, ya miaka ya 1701 hadi 1708, ionyeshayo sikukuu ya kuzaliwa kwa Aurangzeb, mfalme wa Bara Hindi, kwa sanamu ndogo zaidi ya 130 na almasi zipatazo 5,000. Dinglinger hakupata kufika Delhi. Aliijenga baraza ya mfalme kutoka katika vitabu vya wasafiri.

Zaidi ya hayo iko sanamu ya mtu mweusi aliyebeba sinia lenye jiwe lililojaa zumaridi, iliyotengenezwa yapata mwaka wa 1724. Zumaridi zenyewe zilitoka Amerika ya Kusini, nazo zilikuwa zawadi ya Kaisari Rudolf II katika mwaka wa 1581. Mapambo ya mwili wake ni ya mwenyeji wa Amerika, walakini rangi ni ya Mwafrika, na kwa muda mrefu aliitwa Mohr, neno la Kijerumani la zamani la kumtaja mtu mweusi, ambalo leo lahesabiwa kuwa la dharau. Watu wa mabara mawili wamefanywa mtumishi mmoja. Jina la jiwe limetunzwa vizuri zaidi kuliko jina la mbebaji: zumaridi ya Kiswahili na Smaragd ya Kijerumani zote asili yake ni neno moja la Kiyunani.

Usiku wa tarehe 13 Februari 1945 mabomu yaliuteketeza mji, na kasri likaungua. Hazina ilikuwa imekwisha kuhamishiwa katika ngome ya Königstein, kwa hiyo ikasalimika. Kisha ikachukuliwa na Warusi, ikarudishwa katika mwaka wa 1958. Ikawako hazina isiyo na nyumba, nayo nyumba ilikuwa magofu. Ujenzi mpya ulianza katika miaka ya 1980, ukaendelea baada ya Ujerumani mbili kuungana. Mafundi iliwapasa kujifunza upya ufundi wa kuchora ukutani kwa kukwangua lipu. Vyumba vya kwanza vya Kuba ya Kijani vilifunguliwa katika mwaka wa 2004, na vile vya kale, vyenye vitu vipatavyo 3,000, katika mwaka wa 2006.

Kabla ya mapambazuko ya tarehe 25 Novemba 2019 wezi walikata nondo za dirisha, wakavunja kioo na kuchukua johari za August na warithi wake. Sehemu kubwa ilirudi Desemba 2022, na mwaka uliofuata watu watano wakahukumiwa. Lakini almasi nyeupe ya karati zipatazo 49 haikuwamo katika vilivyorudi. Almasi ya kijani ya karati 41, iliyo mashuhuri kuliko zote, ilisalimika kwa sababu siku hiyo ilikuwa New York katika maonyesho. Kilichofungiwa nyuma ya nondo kiliibwa. Kilichotoka kwenda kutazamwa na wageni kilibaki salama.

Hapana budi kuuliza, basi, kasri hili lamkumbusha mgeni jambo gani. Vyumba vyang'aa kana kwamba August ametoka sasa hivi, hali rangi nyingi ni mpya na moto ulipita humo. Kulijenga jumba upya si kosa, wala si udanganyifu, maadamu mgeni aelezwe lipi ni la kale na lipi ni la jana, nani alichonga na nani alibeba. Yasipoelezwa hayo, milango yaweza kuwa wazi na tiketi zikauzwa, na mahali pale pakawa bado ni hazina tu.